Sakafu ya Jikoni na Swali Ambalo Sikuuliza

Leo tuanze na maswali mawili mepesi. Katika nyumba yenu, ni nani aliyechagua sakafu ya jikoni? Na ni nani anayesimama juu ya sakafu hiyo kila siku, tangu moto unapowashwa alfajiri hadi sufuria ya mwisho inapooshwa usiku? Kama mlichagua pamoja, mna bahati njema. Lakini huku kwetu Ngoliba, na hata kule Thika mjini na Ruiru ambako nyumba mpya zinachipuka kama uyoga, aghalabu aliyechagua ni mmoja na anayesimama ni mwingine.

Huenda ukaniambia kwamba hilo ni jambo dogo. Ukurasa huu kwa kawaida huzungumzia ulevi, mawifi, fedha na malezi ya watoto, sakafu imeingiaje? Mimi pia nilifikiri hivyo kwa muda mrefu. Nilidhani sakafu ni kazi ya fundi na mfuko wa baba, basi. Nitawaeleza jinsi nilivyobadili mawazo, ingawa hadithi yenyewe hainipi sifa.

Tulikuwa tumejenga kidogo kidogo, kama wengi wenu mnavyojenga. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta za mawe ya Ndarugo, baadaye mabati. Sebule tuliimaliza kwanza, kwa maana ndimo jumuiya inamokutania kusali na ndimo wageni wanamoketi. Jikoni palibaki udongo mtupu. Kwa miaka tisa mke wangu alipika humo, na kila Jumamosi akaisiliba sakafu kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Mwaka 2013 alikwenda kumwuguza mama yake kwa majuma mawili. Nami nikauza fahali, nikamwita fundi, nikajiambia moyoni: akirudi atakuta jambo. Nilichagua mwenyewe vigae vyeupe, vyenye kung'aa hata mtu angeweza kuuona uso wake. Chumba kina mita 3 kwa mita 3, na kila kigae kilikuwa na sentimita 30 kwa 30, kwa hiyo vilihitajika 100 kamili. Nilinunua 110, kwa ajili ya vile vitakavyovunjika. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa.

Aliporudi alisimama mlangoni akatazama. Akasema, "Asante, baba watoto." Kisha akavua viatu ndipo akaingia. Nilidhani anaheshimu usafi. Leo najua kwamba alikuwa anajaribu kama miguu yake itashika.

Jumapili moja, miezi mitatu baadaye, wanajumuiya wakiwa wameketi sebuleni, alikwenda kuipua sufuria ya chai. Palikuwa na maji kidogo sakafuni, mtoto alikuwa amenawa mikono. Tulisikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti yake. Chai ilimchoma mkono na paja, na kifundo cha mkono wa kuume kikavunjika. Jirani mmoja alikimbilia dawa ya meno ili ampake. Naomba nikatize kidogo hapa: aliyeungua kwa maji moto amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, unga na mafuta visimkaribie.

Usiku ule, mkono wake ukiwa umefungwa plasta, hakusema lolote kuhusu vigae. Alisema neno moja tu: "Hukuniuliza."

Nimelitafakari neno hilo kwa miaka mingi sasa. Mwanzoni lilinichoma, kwa kuwa nilijiona nimetenda wema. Sikuwa mchoyo, nilitumia fedha nyingi kuliko waume wengi wanavyotumia jikoni. Sikuwa mlevi wala mvivu. Nilitaka kumfurahisha. Basi swali ni hili, na ni swali gumu: je, mtu anayetoa kwa moyo mweupe anaweza kuwa amemkosea anayempa? Nimefikia kujibu kwamba ndiyo, anaweza. Nilipokuwa dukani nikivishika vigae vile, niliyekuwa naye mawazoni hakuwa mke wangu abebaye sufuria. Nilikuwa naye mwanamke mwingine asiyekuwako duniani, amesimama katikati ya jikoni jeupe, akitabasamu na kunishukuru. Huyo ndiye niliyemnunulia zawadi. Mwenye miguu nilimsahau.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki, aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alikuwa na wazo la namna hiyo katika maandishi yake juu ya siasa. Aliona kwamba mjenzi si yeye pekee awezaye kuihukumu nyumba; anayeitumia huihukumu vizuri zaidi, kama vile nahodha anavyoujua usukani kuliko seremala aliyeuchonga, na mgeni anavyoijua karamu kuliko mpishi. Wazo hili ni zuri sana. Hata hivyo, sharti niseme kwamba Aristotle aliishia njiani. Mtumiaji wa nyumba aliyemtaja ni mwenye nyumba, yaani mwanamume, na katika Ugiriki ya siku zile waliofagia na kupika walikuwa wanawake na watumwa. Angeifuata hoja yake mwenyewe hadi jikoni, angelazimika kuwauliza hao. Hakufika huko. Nami sikufika, ingawa nilikuwa na hatua kumi tu za kutembea.

Basi tufike sasa. Watu hunijia baada ya Misa wakiniuliza, "Sakafu gani ni bora kwa jikoni?" Siku hizi huwajibu kwa kuwauliza: moto wenu ni upi? Kwa maana anayepika kwa kuni hudondosha makaa, anayepika kwa jiko la makaa hulihamisha huku na huko likiwa linawaka, na anayepika kwa gesi hana matatizo hayo hata kidogo. Kisha nauliza maji yanaingiaje na kutoka wapi. Kisha nauliza ni nani anayetwanga, na anatwangia wapi. Mwenye kuulizwa mara nyingi hushindwa kujibu, ananiambia atamwuliza mke wake. Hapo nafurahi.

Sakafu ya udongo ina wema wake, tusiidharau kwa kuwa ni ya maskini. Haiogopi kaa la moto, haimchoshi mtu miguu, haitelezi upesi, na sufuria ikianguka haivunji kitu. Lakini vumbi lake ndilo kao la funza, na sisi wa upande huu wa Thika, penye kiangazi kirefu, tunalijua vumbi. Minyoo nayo hupenda udongo ulio na unyevu ambao watoto hutambaa juu yake. Huko Mexico serikali ilianza mwaka 2000, katika jimbo la Coahuila, kuwawekea wananchi maskini sakafu za saruji mahali pa udongo. Wataalamu waliochunguza matokeo, na kuyachapisha mwaka 2009, waliona kwamba pale udongo ulipoondolewa kabisa, maambukizi ya minyoo na vijidudu vya tumboni kwa watoto wadogo yalipungua kwa asilimia 78, na kuhara kwa asilimia 49. Jambo lililonigusa zaidi ni hili: akina mama wenyewe walionekana kuwa na furaha zaidi na huzuni kidogo kuliko wale wa udongo. Sakafu ilikuwa imegusa roho zao. Ninapokumbuka ile miaka tisa ya kusiliba kila Jumamosi, huku sebule yetu ikiwa imekamilika kwa ajili ya wageni wanaokuja mara moja kwa mwezi, naona haya.

Kwa asiye na fedha za saruji, kuna njia ya katikati. Nchini Rwanda shirika la EarthEnable limekuwa likitengeneza sakafu za udongo ulioshindiliwa sawasawa na kupakwa mafuta yanayokauka na kuwa ngozi ngumu, isiyopitisha maji wala kutoa vumbi, kwa gharama iliyo chini sana kuliko ya zege. Nasema hivyo ili pasiwe na mume atakayesema, "Tusubiri mpaka tupate," kisha akasubiri miaka tisa.

Saruji ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi za huku. Kwa chumba kama chetu, zege la unene wa sentimita 10 huhitaji mifuko kama 6 ya kilo 50, kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, na mifuko kama miwili zaidi ya kulipigia juu. Lakini angalieni udongo ulio chini. Mahali penye udongo mweusi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, fundi akimwaga zege juu yake bila kuuchimba na kujaza mawe na murram, msimu wa pili mtaona nyufa ambazo mende watazishukuru. Zege pia linyweshwe maji kwa siku saba. Wengi hulinyima maji, kisha hulaumu kiwanda cha saruji.

Halafu kuna jambo la niru. Fundi hupenda niru ing'ae kama kioo, kwa kuwa yeye huondoka siku hiyo hiyo na kusifiwa. Niru iliyolainishwa kwa chuma, ikimwagikiwa maji na mafuta, huteleza sawasawa na vigae vyangu. Mwambieni asawazishe kwa ubao, aache ukwaru mdogo ambao mguu utaushika na ufagio bado utapita. Atanung'unika. Mwacheni anung'unike.

Vigae navyo si adui. Yule anayepika kwa gesi, aliye na maji ya bomba na karo la ndani, anaweza kufurahia vigae maisha yake yote. Ila vichaguliwe vya sakafuni, si vya ukutani ambavyo ni laini na hupasuka upesi, na viwe vyenye uso mkavu usiong'aa. Baadhi ya viwanda huandika kwenye boksi alama ya R na namba ya kuonyesha jinsi kigae kinavyozuia kuteleza. 9 ni ya chini kabisa, na kwa jikoni ni vema kuanzia 10. Njia rahisi zaidi ni kumwomba mwenye duka kigae kimoja, kukimwagia maji, kisha kumwomba mama akikanyage kwa mguu mtupu. Watu dukani watacheka. Mimi ningekubali kuchekwa. Na tena msitwangie kinu juu ya vigae, nendeni nje.

Kuhusu ule mkeka wa plastiki wenye sura ya mbao, unaouzwa kwa mita, nitasema machache. Ni mzuri kwa miguu na bei yake ni nafuu. Penye kuni na makaa usiwekwe. Kaa moja tu likidondoka, mna shimo jeusi milele, na maji hupitia hapo yakakaa chini yake na kunuka. Mbao zenyewe tusizitaje, mchwa wa Ngoliba wanazijua.

Sasa nirudi kwenye ndoa, kwa maana najua kuna baba anayesoma hapa na kusema, "Lakini mimi ndiye ninayelipa." Ndugu yangu, hoja hiyo niliitumia pia. Ina kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba hulipi peke yako. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya, ya mwaka 2013, inahesabu kazi za nyumbani, ulezi wa watoto na kulima shamba kuwa mchango katika mali ya familia, sawa na vile fedha zinavyohesabiwa kuwa mchango. Fahali niliyemwuza mimi alikuwa amekatiwa majani na mke wangu kwa miaka mitatu. Kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Hata kama fedha zote zingekuwa zako, fedha hununua vigae tu. Hazikununulii magoti ya mwenzako wala mgongo wake, navyo ndivyo vitakavyolipia kosa lako kila siku.

Na wewe mama, usifurahi mapema, nina neno nawe pia. Kuna mama ambaye mume wake alikuja akamwuliza kwa upole, "Tuweke sakafu gani?" naye akajibu, "Yoyote tu, amua wewe." Mume akaamua, na kwa miaka kumi mama huyo amekuwa akilalamika kwa shoga zake kisimani. Naelewa lilikotoka jibu hilo. Mtu asiyeulizwa kwa muda mrefu husahau kwamba ana jibu, au huogopa kwamba swali ni mtego. Lakini kunyamaza mbele ya anayekuuliza kwa dhati ni kumnyima msaada anaouhitaji ili akupende vizuri. Pia yuko mama anayetaka vigae vinavyong'aa kwa sababu tu mwenzake wa chama ameweka. Huyo naye amemsahau mwenye miguu, na mwenye miguu ni yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, baba, swali moja la haraka mlangoni halitoshi. Kama ungependa kujua ukweli, pika. Sisemi kwa mzaha. Mke wangu alipokuwa na plasta, majuma sita nilipika mimi, nikisaidiwa na binti aliyekuwa akitufanyia kazi. Nilikuwa nimelelewa kwamba mwanamume haketi karibu na meko, na siku za kwanza nilifunga mlango ili jirani asinione. Katika majuma hayo nilijifunza mambo ambayo sikuyajua katika miaka yote ya ndoa. Nilijua kwamba ugali hupikwa kwa mwili mzima, na mguu wa nyuma ukikosa pa kujishikiza sufuria yote inayumba. Nilijua kwamba mtu hugeuka mara nyingi zaidi kuliko anavyotembea. Nilijua kwamba kila baada ya mlo kuna kupiga deki, na kwamba vigae vyeupe huonyesha kila tone la masizi, hivi kwamba zawadi yangu ilikuwa imemwongezea mke wangu kazi ya nusu saa kwa siku bila mimi kujua.

Ndipo tukaanza kuzungumza. Jioni, yeye akiwa ameketi kwenye kigoda, mimi nikikoroga, alinieleza jikoni analolitaka. Nilishangaa alivyokuwa na mengi. Alitaka sehemu ya kuni iwe na saruji ya kwaru, upande wa dirisha pawe na mahali pa kusimama pasipo na baridi, na kizingiti cha mlango kishushwe kwa sababu alikuwa akijikwaa hapo kila alipobeba maji. Nikasema, sawa, sasa tumemaliza, nitamwita fundi.

Akasema, "Bado. Hatujamwuliza huyu." Akaonyesha kwa kidevu yule binti, aliyekuwa amepiga magoti anapangusa.

Nakiri kwamba hata yeye, mke wangu, alishtuka kidogo kwa maneno yake mwenyewe. Binti alikuwa nasi mwaka wa pili, na deki yote ilikuwa yake. Alipoulizwa alitutazama kwanza mmoja mmoja, kama mtu anayepima kama ni salama. Kisha akasema, "Mama, shida si vigae tu. Maji hayana njia. Nikipangusa huku yanarudi kule."

Fundi alipokuja na pimamaji yake alikuta sakafu imeinamia ukutani, mbali na mlango. Maji ya siku zote yalikuwa yakijikusanya pale pale mke wangu alipoangukia. Tuling'oa vigae, tukapiga saruji upya, ikiinama sentimita moja na nusu kwa kila mita hadi kwenye tundu la kutolea maji nje. Kati ya vigae 100 vilitoka vizima 14 tu. Vipande vilivyobaki binti alivipanga kwenye zege bichi kando ya karo la nje, vyeupe vyote, nyuso zikiwa chini na migongo yenye mikwaruzo ikitazama juu, ili mtu anayefulia asiteleze.